Hina na Uchungu Usiosemwa

Wahenga wametuachia mausia mawili ambayo hayaendi pamoja kwa urahisi. Mmoja wasema siri ya mtungi muulize kata, yaani ya ndani huyajua wa ndani. Mwingine waonya kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Je, mtu aliyeumia moyoni afuate upi? Wanazuoni wamelijibu swali hili kwa maneno. Wanawake wa Unguja wamelijibu kwa mchoro.

Natazama Michenzani, mtaa uliobeba jina la michenza lakini ukajulikana kwa majumba yake marefu ya ghorofa, yaliyojengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, kufuatana na azma ya Mzee Abeid Amani Karume ya kuijenga Ng'ambo upya. Nyumba za zamani zilikuwa na ua, na uani ndiko wanawake walikokaa wakichorana mikono. Ua haukuweza kupanda ngazi, hina ilipanda.

Bibi arusi huchorwa mikononi na miguuni: mashina yatambaayo, majani na maua, wekundu wa hina ukizungukwa na weusi wa piko. Siamini kwamba kila ua lina tafsiri yake kama herufi; adaiye hivyo atia chumvi. Maana ya mchoro imo katika wakati wake: nani amechorwa, lini, na nani hakuchorwa.

Mjane Mwislamu asiye mja mzito hukaa eda miezi 4 na siku 10, asijipambe wala asijitie manukato. Mikono mitupu ndiyo tangazo lake. Lakini aliyefiwa ghafla huenda akaingia edani na rangi ya furaha ya juzi. Ngozi huisahau kwa majuma mawili au matatu, kucha haisahau. Ukucha huota milimita 3 hivi kwa mwezi, na wekundu ule husogea polepole kuelekea ncha, hata eda inapokaribia kwisha umebaki ukingo mwembamba tu. Hakuna aliyeichora kalenda hiyo, na mwenyewe huisoma kila atiapo udhu.

Wako wasemao kwamba mwenye uchungu sharti aseme ndipo asaidiwe. Sikubaliani nao. Mkono wa mjane umekwisha kusema, tena bila ya kumvunjia stara. Lakini sina budi kukiri ugumu mmoja: bibi arusi aliyelazimishwa huchorwa maua yaleyale ya aliyeridhika. Hapo hina yasema uwongo, na uwongo huo si wake. Ni wa wale waliomshika mkono wakaona uzuri wa ua, wasiuone mtetemeko wa kidole. Basi mchoro haumwondolei mtazamaji wajibu wowote. Wamwongezea.

Eda ikiisha, jirani mwenye busara hupanda ngazi na kibakuli cha hina iliyokwisha kukorogwa. Haulizi kama moyo umepoa. Mjane akinyoosha mkono, huchorwa, pengine ncha za vidole tu. Akiurudisha chini ya kanga, jirani hukiweka kibakuli kando, hukaa, na mazungumzo huwa ya bei ya samaki.