Bibi, Usijisumbue



Kuna kosa nililolifanya mwezi wa saba ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya kuchunguza dhamiri niliyowahi kupewa, na pengine ndiyo maana nilichelewa kuliona. Nilikataa kula kande za bibi mmoja pale Uyole. Nilikataa kwa upole, kwa tabasamu, tena nikiamini kabisa kwamba natenda wema.

Kwa msioijua, Uyole ni ile njia panda ya Mbeya ambapo barabara inayotoka Dar es Salaam inaendelea kwenda mjini na Tunduma, na nyingine inakata kushoto kwenda Tukuyu, Kyela hadi mpakani na Malawi. Mwezi wa saba kule ni baridi kwelikweli. Nilikuwa likizo, na si mnajua frateri akiwa likizo hakai tu nyumbani. Nilipangiwa kuzungukia familia za jumuiya moja pamoja na mama mwenyekiti. Nyumba ya tatu ilikuwa ya bibi huyu, mjane anayelea wajukuu wawili. Tulipopiga hodi alikuwa jikoni, moshi umemjaa machoni, sufuria iko kwenye mafiga.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba baba. Karibuni, karibuni. Frateri, kaa hapo, chakula kinakaribia.”

Niliitazama ile sufuria, ilikuwa ndogo. Nikawatazama wajukuu, nao walikuwa wanaitazama sufuria. Nikapiga hesabu kichwani haraka, nikasema, “Bibi, usijisumbue. Tumeshakula kule tulikotoka. Hiki wape watoto.” (Kule tulikotoka tulikunywa chai. Kwa hiyo hata hapo sikusema kweli yote.)

Bibi alinyamaza kidogo, akafunika sufuria. Kisha akasema, wala si kwa hasira, “Mwe! Kumbe leo sina mgeni.”

Tulisali, tukaaga, tukaondoka. Njiani mama mwenyekiti alitembea muda mrefu bila kusema kitu, halafu akaniambia: “Frateri, yule bibi jana alinifuata nyumbani kuniuliza mnapita saa ngapi. Mahindi na maharage ameyaloweka tangu jana.”

Ambaye hajawahi kupika kande nyanda za juu anaweza asielewe uzito wa maneno hayo. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo maji hayasubiri nyuzi 100 ndipo yachemke. Yanachemka kwenye 94 hivi, na hata ukiongeza kuni namna gani hayapandi zaidi ya hapo ila uwe na sufuria ya presha. Ndiyo maana maharage yaleyale yanayoiva mapema Dar es Salaam, kwetu yanakula kuni nusu siku, na mahindi yaliyokobolewa ndiyo kabisa. Kwa hiyo kande zile zilikuwa usiku mmoja wa kuloweka, asubuhi nzima ya kuongeza maji na kukoroga, na kuni ambazo mtu alizibeba kichwani. Bibi alikuwa amenipikia tangu jana yake. Mimi nilimaliza yote kwa sentensi moja.

Sasa, nimesoma falsafa, na mtu aliyesoma falsafa akikosea hakosi wakili. Usiku ule nilijitetea vizuri sana. Nilisema: chakula kilikuwa kidogo, wenye kukihitaji walikuwa watoto, mimi sikuwa na njaa, basi kukataa ndiko kulikoleta manufaa makubwa zaidi kwa watu wengi zaidi. Na kama utetezi huo unanuka Uingereza ya karne ya 19 kuliko Injili, nilikuwa na shahidi mzito zaidi. Mtakatifu Toma wa Akwino, anapofundisha juu ya sadaka, anasema kwamba mtu kwa kawaida hapaswi kutoa kile ambacho yeye mwenyewe na watoto wake wanakihitaji ili waishi. Si ndiyo hiyo? Bibi alikuwa anakosea kutoa, mimi nikamwokoa.

Utetezi huu ulinitosha siku mbili. Ulianza kuvunjika nilipogundua kwamba nimemsoma Toma kama mtu anayesoma barua ya jirani. Yeye anazungumza na mtoaji. Anamwambia mtoaji apime nyumba yake, ajue kilichopo na kinachohitajika. Hakumkabidhi mgeni mizani ya kupimia sufuria ya mwenyeji. Na yule bibi alikuwa ameshapima! Amelea watoto na sasa wajukuu, anajua vipimo vya debe lake kuliko mimi ninavyojua breviari yangu. Aliangalia alichonacho, akaamua kwamba siku moja katika mwezi nyumba yake inaweza kuwa na mgeni. Mimi nilichofanya ni kumwambia kwamba hesabu yake ameikosea.

Hapo ndipo neno lake, “leo sina mgeni,” lilipoanza kuniuma. Hakusema “kumbe hutaki chakula changu.” Niliona nimekataa sahani, kumbe nilikuwa nimekataa kuwa mgeni wake, na bila mgeni yeye hakuwa mwenyeji. Kwa dakika zile alibaki kuwa kitu kimoja tu: maskini anayehurumiwa. Mfaransa Marcel Mauss, katika kazi yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi ina mambo matatu yasiyoachana: kutoa, kupokea na kurudisha. Sisi Wakristo tunahubiri sana lile la kwanza. La pili tunaliona ni la bure, kana kwamba kupokea hakuhitaji fadhila yoyote. Jaribu kupokea kwa mtu uliyejizoeza kumwona yuko chini yako, halafu uniambie kama ni rahisi.

Nikiwa bado kwenye mawazo hayo nilimuuliza mama mwenyekiti swali la kijinga: jumuiya inasali kwa bibi lini? Akacheka, kile kicheko cha mtu asiyefurahi. “Kwa bibi hatujasali miaka miwili, Frateri. Zamu yake ikifika anasema anaumwa.”

Kumbe haumwi. Ninyi mnaosali jumuiya mnajua mambo yalivyo siku hizi. Ilianza kwa chai ya rangi na maandazi, na hapo hapakuwa na neno, watu wametoka kusali asubuhi na baridi ile, wanashika kikombe cha tangawizi mikono ipate joto. Wiki iliyofuata mtu akaongeza sambusa. Mwingine akaona sambusa peke yake ni aibu, akaleta soda na kachori. Mwisho pilau likaingia, hotpoti tatu mezani, na picha zikatumwa kwenye kundi la simu kabla hata sala ya kufunga haijaisha. Hakuna aliyeandika sheria kwamba lazima iwe hivyo, ila kila sahani iliyopigwa picha ilimwambia bibi kwamba nyumba yake haifai kwa sala.

Aristotle, aliyeishi miaka zaidi ya 300 kabla ya Kristo, aliwaona watu hawa. Katika kitabu cha nne cha Maadili yake anamtaja mtu asiye na kipimo, anayewaandalia wenzake wa chama chakula cha kawaida kwa ukubwa wa karamu ya harusi, si kwa sababu tukio linadai hivyo bali ili aonekane anacho. Kwake ukarimu haupimwi kwa wingi wa kilichotolewa, unapimwa kwa moyo wa mtoaji na kwa alichonacho. Anayetoa kidogo anaweza kuwa mkarimu kuliko anayetoa kingi. Mpagani huyu angeelewa haraka sana kwa nini Yesu alikaa mbele ya sanduku la sadaka akawaonyesha wanafunzi wake senti mbili za mjane.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba pilau ni dhambi. Jamani, hapana. Ibrahimu aliwaambia wale wageni watatu wa Mamre kwamba atawaletea kipande cha mkate, kisha akakimbia kuchagua ndama laini, akamwambia Sara akande unga mwingi, akaleta na siagi na maziwa. Ni mama zetu hasa: anakwambia “kunywa chai tu mwanangu,” ukitazama nje kuku anakimbizwa. Kumpikia mgeni kizuri kuliko tunachokula kila siku ni desturi njema. Ndizi zilizopikwa vizuri na nyama, wali wa Kyela unaonukia tangu barabarani, parachichi la Rungwe lililokatwa wakati huohuo lisije likabadilika rangi, hivi vyote ni namna ya kumwambia mtu kwamba ujio wake si jambo dogo. Tofauti ninayoiona ni hii: Ibrahimu alisimama kando chini ya mti wakati wao wanakula, akiwaangalia wageni. Sisi mara nyingi tunasimama kando tukiangalia kama wageni wanatuangalia.

Na mimi niliyekataa kande, nilikuwa namwangalia nani? Nikisema ukweli, nilikuwa naiangalia huruma yangu mwenyewe. Kwa hiyo siwezi kuwanyooshea kidole wenye hotpoti tatu.

Mtakatifu Benedikto, ambaye wanawe walifika Peramiho mwaka 1898 na wageni wanapokelewa kule hadi leo, aliandika katika sura ya 53 ya Kanuni yake kwamba wageni wote wapokewe kama Kristo. Hilo wengi mnalijua. Ila katika sura hiyohiyo kuna mambo mawili ambayo mimi niliyapita haraka nilipoisoma mara ya kwanza. Moja, anataka maskini na wasafiri wapokewe kwa uangalifu zaidi, maana matajiri heshima yao wanakuja nayo wenyewe. Woga tu unatosha kuwafanya waheshimiwe. La pili ni dogo: mkuu wa monasteri avunje mfungo wake kwa ajili ya mgeni, isipokuwa siku maalumu za mfungo. Yaani hata kufunga, ambako ni kwa ajili ya Mungu, kunapisha meza. Mimi sikuwa hata nimefunga.

Kuna anayeuliza: je, kama kweli watoto watalala na njaa? Ni swali halali, wala sitalikwepa. Eliya alimwomba mjane wa Sarepta kipande cha mkate wakati unga umebaki wa mara moja tu, tena akamwambia aanze na cha kwake yeye. Hilo andiko linanitisha mpaka leo. Eliya alikuwa na neno la Bwana kwamba unga hautapunguka. Mimi sina ahadi ya namna hiyo mfukoni. Kwa hiyo nadhani mgeni mwenye akili anakula, ila anakula kidogo, hasubiri kuongezwa, na anapokwenda hakosi kubeba chochote, sukari, sabuni, chumvi, akikabidhi mlangoni bila hotuba. Asikilipie chakula. Akilipa, amekigeuza kuwa mgahawa.

Jambo lililonimaliza kabisa nililiona kwenye Misa ya Dominika iliyofuata, wakati wa vipaji. Mama mmoja alipita na mahindi, watoto na mayai, mtu na fungu la viazi. Mungu hana njaa. Mkate na divai tunavyompelekea ni vyake kabla havijawa vyetu. Angekuwa na kila sababu ya kusema “msijisumbue.” Lakini anapokea, tena tusivyostahili. Mwana wake alipokaa kisimani amechoka, alimwomba maji mwanamke Msamaria. Kwa Zakayo alijialika mwenyewe. Nilisimama pale kwenye kiti changu nikiwa na uso wa moto.

Siku mbili baadaye nilirudi kwa bibi, peke yangu, na kilo ya sukari.

“Ugonile bibi,” nilimsalimu, na Kinyakyusa changu kinaishia karibu na hapo.

Alicheka. Nikamwambia, “Bibi, leo sijala. Nimekuja kula kwako.”

Alinitazama kwa muda. “Hujala kweli, au ni kama siku ile?”

“Kweli.”

“Basi leo hujapikiwa. Siku ile ulikuwa mgeni ukakataa. Leo shika kisu.” Akanisukumia beseni la viazi. Nilimenya. Alikiokota kiganda kimoja, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango, akawaonyesha wajukuu: “Oneni, frateri anamenya mpaka chakula chenyewe.” Walicheka mpaka wakakaa chini. Viazi vilichanganywa na maharage, kitunguu na nyanya moja, karanga za kutwanga zikaingia mwishoni. Tulikula wote kwenye sinia moja. Chumvi ilizidi kidogo, nami sikusema, kwa sababu chumvi nilikuwa nimetia mimi.

Nilipoaga alinishukuru, “ndaga fijo,” kana kwamba mimi ndiye niliyempa kitu. Kisha, akiwa ameshika mlango, akauliza jumuiya ya Jumamosi ijayo ni kwa nani. Nikamwambia sijui, nitamuuliza mama mwenyekiti.

“Mwambie waje hapa. Kuna viazi, na chai ya rangi.”

“Sawa bibi.”

“Huwa wanakuja wangapi siku hizi?”

“Kama kumi na watano.”

Akarudi ndani, nikamsikia anahesabu vikombe.