Mfalme na Washauri Wake

Somo: 1 Wafalme 12:1-16



Rehoboamu aliliacha shauri la wazee akafuata la vijana wenzake, na makabila kumi yakamwacha. Habari hiyo tunaijua. Mwezi huu tumtazame mfalme wa karibu nasi zaidi, Kabaka Mwanga wa Buganda.

Alipokea kiti mwaka 1884 akiwa bado kijana. Mwaka uliofuata wakuu wake, Katikiro akiwa mbele, wakamtia hofu kwamba mgeni anayetokea mashariki anakuja kuila nchi. Halikuwa neno la uongo mtupu, maana mwaka huo Wajerumani walikuwa wakijitwalia nchi upande wa pwani. Shauri baya hupata nguvu hapo, kwa kuanza na hofu ya kweli. Askofu James Hannington alipita njia hiyo, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885.

Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, mtumishi mkubwa wa ikulu, alithubutu kumkemea mfalme kwa damu ya askofu wa Kianglikana. (Sisi hapa makazini tunagombania hata saa za ibada!) Tarehe 15 Novemba naye akauawa. Baada yake nani angesema kweli? Tarehe 3 Juni 1886 waamini wakachomwa moto Namugongo. Mwaka 1888 Mwanga alitaka kuwaondoa Wakristo na Waislamu pamoja; wakaungana, wakamwondoa yeye. Alirudi, akapigana na Waingereza mwaka 1897, akashindwa, na kiti akapewa mwanawe Daudi Chwa, mtoto mchanga. Alifia Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa kwa jina la Danieli. Hata huko Bwana hakumwacha.

Tunaandika haya kwa sababu ya simu. Wengi wetu tulikimbia Juba Julai 2016. Kabla ya hapo, tukinywa chai pale soko la Custom, tuliwasikia waliosema kabila fulani likimalizwa tutapata amani. Nao walianza na hofu ya kweli. Sasa watu wa namna hiyo wanawapigia vijana wetu, wakiwaambia warudi washike bunduki. Wazazi, kaeni nao. Na kama nyumbani yuko mmoja anayesema hapana, msimnyamazishe, hata akiwa mdogo. Wazee wa kanisa wapo kila Jumatano jioni. Kijana aliyepigiwa simu aje. Hataulizwa jina la aliyempigia.