Mdhamini wa Mtoto Mkosaji

Mtoto asiyepambanua barabara mema na mabaya akitenda kosa, hesabu ya kosa lile iandikwe katika daftari la nani? Mafakihi wa Kiislamu walijibu zamani kwa kuifanya baleghe kuwa mlango wa taklifu, ingawa hawakuwapa wazazi na mawalii ruhusa ya kulala, kwani mali iliyoharibiwa na mtoto haina budi kulipwa, na tabia yake haina budi kutengenezwa. Dola nazo zimejijengea milango yao: Kenya ilimhesabu mtoto wa miaka 8 kuwa aweza kushtakiwa kwa jinai, mpaka Sheria ya Watoto ya 2022 ilipousogeza mlango ule hadi miaka 12. Lakini kujua kwamba mtoto hastahili adhabu ya mtu mzima ni jambo jepesi, na kujua la kumfanyia asubuhi anaposimama mbele ya hakimu kwa kunyakua simu ya abiria kituoni ni jambo zito. Na uzito huo ndio aliobebeshwa afisa wa probesheni, yaani wa uangalizi wa mkosaji nje ya kifungo, na juu yake yule anayewaongoza maafisa wote katika mji mkubwa.

Mwanzo wa kazi hii haukuwa ofisi. Mwaka 1841 John Augustus, fundi viatu wa Boston, Marekani, alisimama mahakamani akamdhamini mlevi aliyekuwa karibu kupelekwa kifungoni, akamrudisha baada ya wiki tatu akiwa amejitengeneza hata hakimu akaridhika kumtoza faini ya senti moja pamoja na gharama. Akashika mwendo huo mpaka kufa kwake mwaka 1859, akiwa amewadhamini watu karibu 2,000, na watoto wakiwamo. Dhamana yake ilikuwa dhamana kamili, maana mdhaminiwa akitoroka, aliyeumia alikuwa mwenye kiwanda cha viatu, katika kipato chake na katika jina lake.

Chicago ilipofungua mahakama yake ya watoto mwaka 1899, ya kwanza ya namna yake katika Marekani, sheria iliruhusu kuwapo maafisa wa uangalizi, lakini ikakataza wasilipwe kutoka hazina ya umma. Serikali, kwa maneno mengine, ilipenda rehema iwapo haina bei. Waliouokoa mpango ule ni wanawake wa mji, Julia Lathrop miongoni mwao, waliokusanya michango ili mishahara ipatikane, mpaka baada ya miaka michache serikali ya mtaa ilipokubali kulipa.

Hapo rehema ikawa idara, na hapo ndipo penye mas'ala yangu. Mwenye idara hapotezi kitu mtoto akipotea. Mshahara wake huja mwisho wa mwezi vilevile. Lau rehema ni tendo la moyo wa mtu mmoja kwa mwingine, je, yaweza kugawanywa kwa mafaili? Nadhani yaweza, kwa sharti kwamba kile kilichokuwa hatari ya Augustus kigeuzwe kuwa wajibu unaoweza kuulizwa. Na idara isiyoulizwa ni mbaya kuliko kutokuwapo idara, kwa kuwa hudhulumu hali inajiona yatenda wema.

Ushahidi ni kisa cha Gerald Gault wa Arizona. Mwaka 1964, akiwa na miaka 15, na tayari yu chini ya uangalizi wa miezi sita kwa kuwa alifuatana na mwenzake aliyeiba pochi, alikamatwa kwa tuhuma ya kumpigia jirani simu ya maneno machafu. Mama yake aliporudi kutoka kazini jioni hakumkuta mwana wala barua ya kumwarifu aliko. Mlalamikaji hakuletwa mbele ya hakimu, wakili hakuwapo, na kijana akapelekwa katika shule ya marekebisho, huenda hadi atimize miaka 21, kwa kosa ambalo mtu mzima angetozwa dola 50 kwa juu au kufungwa miezi miwili isizidi. Yote hayo yalitendwa kwa jina la kumlea! Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo mwaka 1967, ikathibitisha kwamba mtoto naye ana haki ya kuarifiwa mashtaka, kuwa na wakili, na kumkabili anayemshuhudia.

Basi mkuu wa uangalizi, ambaye aghalabu haoni uso wa mtoto hata mmoja katika maelfu walio chini yake, ana mambo machache yaliyo mkononi mwake: afisa mmoja apewe mafaili mangapi, ofisi iwe wapi, na uangalizi ukome lini. Mambo makavu haya ndiyo maadili yake. Afisa wa Kenya anayeandika ripoti ya hakimu hupaswa kufika nyumbani, kumsikiliza mzazi, mwalimu na aliyedhulumiwa, na kujua mtoto hulala wapi. Akipewa mafaili kupita kiasi, ataandika alichosikia kwa simu, na dhuluma itakuwa imeanzia katika meza ya mkuu. New York nayo, kwa mpango wa mwaka 2012, ilianza kuwaweka karibu na nyumbani watoto waliokuwa wakihukumiwa kuishi mbali kaskazini mwa jimbo, kwani mama asiye na nauli hawezi kumzuru mwanawe mwendo wa saa nyingi.

La mwisho wa uangalizi ndilo gumu zaidi. Sheria ya Kenya huupa muda wa tangu miezi sita hadi miaka mitatu, na miaka mitatu kwa mwenye miaka 13 ni sehemu kubwa ya ujana wake, ambamo kosa dogo la kuchelewa kuripoti laweza kumrudisha kizimbani. Mkuu mwadilifu huwauliza maafisa wake kwa nini mtoto fulani angali anaripoti, wala hangoji waulize wao. Ninaloliomba kwa wanaoteua wakuu wa kazi hii ni kwamba, kabla ya kumuuliza mtu vyeti vyake, wamuulize ni watoto wangapi aliowaacha waende zao.