Furaha Haingoji M-Pesa Iingie

Somo: Wafilipi 4:10-18

Wengi wetu husema: "Nikipata kazi, nikihama Kibera, nikimaliza deni la nyumba, ndio nitafurahi." Leo tuipime hiyo "ndio".

1. Ubongo huzoea haraka
Kichwani kuna kemikali inaitwa dopamini. Mwanasayansi Wolfram Schultz aliifuatilia kwa tumbili waliopewa juisi. Mwanzoni ubongo ulishtuka kwa furaha wakionja. Walipozoea, ulishtuka kwa ile ishara kwamba juisi inakuja; juisi yenyewe ikifika, kimya. Sasa unaelewa kwa nini simu mpya ilikufurahisha wiki mbili, na bado unailipia pole pole? Wenye kampuni za kubeti wanalijua hili: bidhaa yao ni kule kungoja.

2. Furaha hufundishwa
Paulo akiwa kifungoni anasema kuridhika ni kitu alichojifunza. Hakuzaliwa nacho. Hapa hapa Kibera, Tom Osborn na wenzake walijaribu mafunzo ya Shamiri kwa wanafunzi 51 wa sekondari waliokuwa na dalili za huzuni nzito na wasiwasi. Kwa wiki 4 walifundishwa kwamba mtu anaweza kubadilika, wakajizoeza kushukuru, na kujua wanachokithamini. Waliowaongoza walikuwa vijana waliotoka shule ya upili juzi tu, si madaktari. Matokeo yalitoka 2020: dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

3. Kushukuru si kujifanya
Paulo anashukuru, na bado anaitaja dhiki yake kwa jina. Landilodi akigonga, ni kweli amegonga. Tena Wafilipi hawakumwambia Paulo "ongeza imani". Walimtuma Epafrodito na msaada mkononi. Kwa hivyo ndugu asiyelala, aliyekata tamaa, anayesema heri afe, usimkemee. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali leo, na muombe mkiwa njiani.

Kazi ya wiki hii: Kila usiku andika mambo matatu ya kushukuru, madogo hata kama ni maji yamepatikana kwa mtungi. Halafu chagua jirani mmoja, Kibera au Kawangware, uwe Epafrodito wake. Paketi moja ya unga inatosha kuanza.

Mungu awabariki.