Farasi wa Berlin na mtoto anayeulizwa

Mwaka 1904 watu wa Berlin walistaajabia farasi mmoja, jina lake Hans. Bwana wake, von Osten, alipomwuliza hesabu, Hans alijibu kwa kupiga kwato chini: tatu na nne, mara saba. Wenye elimu walimchunguza, wasione hila.

Ndipo Oskar Pfungst alipoibadili njia: akaleta mwulizaji asiyejua jibu. Mara Hans akakosea. Kumbe alikuwa akitazama kichwa cha mwulizaji, kilichoinuka kidogo hesabu ilipotimia, na mwulizaji mwenyewe hakujitambua.

Basi sisi tunaomwuliza mtoto aliyesingiziwa uchawi, twaweza kuiamini «ndiyo» yake? Tumerudia swali mara kumi, jibu li machoni petu, naye ameshikwa na hofu na njaa. Jibu lile ni letu, si lake.

Von Osten hakuwa mwongo. Alidanganyika kwa moyo mweupe. Kwa hiyo moyo mweupe hautoshi. Yafaa na njia ya kuuliza iwe ya haki. Kabla ya kuhukumu tujiulize: je, tungekubali jibu jingine? Kama sivyo, hatukuuliza, tumeshahukumu.