Pingili na Shina Lake

Watu hudhani kwamba mwalimu akistaafu hubaki na mambo mawili tu: redio na malalamiko juu ya pensheni. Mimi Mungu amenijalia jambo la tatu, nalo ni pilipili manga. Nyuma ya nyumba yangu, hapa wilayani Muheza chini ya milima ya Usambara Mashariki, ipo mifenesi sita, na kila mfenesi umekumbatiwa na mpilipili manga. Nina umri wa miaka sabini na saba. Magoti hayaniruhusu tena kupanda ngazi kuvuna, na kazi hiyo wanaifanya wajukuu. Iliyobaki mikononi mwangu ni kazi ya kitalu: kukata pingili, kuzipanda katika viriba, na kuwagawia majirani miche. Katika kazi hiyo ndogo limenirudia swali kubwa ambalo nimelikwepa kwa zaidi ya miaka thelathini. Nalo ni hili: kile tulichompa mtu kikimletea madhara, je, tunayo haki ya kuulaumu udongo wake?

Kwanza nieleze kazi yenyewe, ili msomaji asiyeijua aweze kunifuata.

Mpilipili manga ni mmea utambaao. Wazee wetu waliuita wa Manga, yaani wa Uarabuni, ingawa asili yake ni Malabar, kusini-magharibi mwa India. Waweza kupanda mbegu, lakini mche wa mbegu huchelewa kuzaa na hauna ahadi ya kufanana na mama yake. Kwa hiyo mkulima hukata pingili. Huchagua shina lenye afya na linalozaa vizuri, akakata kipande chenye vifundo viwili au vitatu, akaondoa majani ya chini, akakifukia kifundo kimoja au viwili katika udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Kisha huweka kivuli cha makuti na kumwagilia kwa kiasi, maana maji yakizidi pingili huoza. Baada ya wiki kadhaa mizizi huchomoza pale kwenye kifundo. Mvua za masika zikishika, mche hupelekwa kwenye mti wake.

Mche huo si mtoto wa mama yake kama tunavyosema mtoto. Ni mama yuleyule. Kila kilichomo katika shina kimo katika pingili: uzazi wake, urefu wa vichala vyake, ukali wa punje zake. Mbegu huchukua huku na huku ikatengeneza kitu kipya, lakini pingili huendeleza kilekile. Hiyo ndiyo faida yake, na kama nitakavyoeleza, ndiyo hatari yake pia.

Kuna jambo jingine. Matawi ya mmea huu si sawa. Yapo yatambaayo chini, yapo yapandayo mtini, na yapo ya pembeni ambayo ndiyo yanayobeba vichala. Ukikata pingili katika tawi litambaalo, utangoja hadi mwaka wa tatu au wa nne uone mavuno ya maana, lakini mmea utapanda mti hadi juu. Ukikata katika tawi la pembeni, mmea waweza kuzaa mapema, hata ukiwa ndani ya chungu, ila utabaki kichaka. Mjukuu wangu mmoja alikata pingili ya tawi la pembeni, na mwaka uliofuata akaniletea kichala. "Babu, wa kwangu umeushinda wa kwako," akasema. Nikampongeza. Sasa ana miaka minne akiusubiri upande juu, nami nimemwambia asisubiri. Mmea ni uleule mmoja, lakini utakachopata kinategemea ni sehemu gani yake uliyoikata.

Sasa niingie katika habari yenyewe.

Kwa miaka mingi nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Jirani na chuo ilikuwapo shule ya mazoezi, ambako wanachuo walikwenda kutazama masomo na kujifunza kufundisha. Siku moja, mwishoni mwa miaka ya themanini, niliingia darasa la tatu nikifuatana na wanachuo wapatao kumi. Watoto walikuwa wakipiga kelele. Nilimwendea mmoja aliyekuwa amesimama juu ya dawati, nikampiga kofi. Darasa zima likawa kimya kama kaburi. Nikawageukia wanachuo nikasema, "Mmeona? Sasa darasa liko tayari kufundishwa." Wakaandika katika madaftari yao. Hata leo naweza kusikia kalamu zile.

Mmoja wa wanachuo wale alikuwa kijana makini kuliko wote. Alinipenda, nami nikampenda. Aliandika ubaoni kama nilivyoandika, akaweka mkono wa kushoto nyuma kama nilivyouweka, hata kukohoa kabla ya kuanza somo alikohoa kama mimi. Wenzake walimtania kwa hilo. Mimi sikuona cha kuchekesha. Niliona fahari. Nilimpa alama za juu katika mazoezi ya kufundisha, na sasa najua kwamba nilikuwa nikijipa alama mwenyewe.

Mwaka 1991 kijana huyo, akiwa na miaka miwili kazini, alimpiga kofi mtoto wa darasa la nne. Mtoto akaumia sikio, na sikio lile halikusikia tena vizuri. Wazazi walishitaki, uchunguzi ukafanyika. Alipoulizwa, alisema kwamba alifanya kama alivyomwona mkuu wake wa chuo akifanya. Nikaandikiwa barua nitoe maelezo.

Nilijibu kwa ukurasa mmoja. Niliandika kwamba chuo kilifundisha kanuni za adhabu za mwaka 1979. Kwamba kanuni hizo zilimpa mamlaka ya kuchapa viboko mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kwamba kofi halimo katika kanuni yoyote. Na kwamba somo hilo lilifundishwa kwa saa moja, tarehe fulani, na mahudhurio yapo. Kila neno lilikuwa kweli. Nikaongeza sentensi moja ya mwisho, kwamba tabia ya mtu hutokana zaidi na malezi ya nyumbani kwao. Kijana akafukuzwa kazi. Mimi nikaendelea na chuo changu hadi nilipostaafu, nikaagwa kwa hotuba na kupewa saa ya ukutani.

Niliulaumu udongo wake. Hiyo ndiyo maana ya ile sentensi ya mwisho.

Pengine nisingeyakumbuka haya kwa uchungu kama si jirani yangu, mama mmoja mjane, ambaye nilimpa miche kumi na miwili. Alichimba mashimo mwenyewe, akaufungia kila mche kwenye mti kwa kamba ya mgomba, akautunza kama mtoto. Mwaka wa pili, katikati ya masika, majani yakaanza kuwa ya njano na kulegea. Shina likawa jeusi pale linapogusana na ardhi. Katika wiki chache miche tisa ilikufa. Alikuja kwangu jioni akaketi kibarazani, akauliza kwa upole, "Mwalimu, nadhani ni udongo wangu. Au mimi sikujua kuitunza?"

Sasa, wiki moja kabla ya hapo, mpilipili wangu mmoja ulikuwa umekauka kwa namna hiyohiyo. Ulikuwa ni ule nilioukatia pingili zake. Ugonjwa huu wa kuoza shina na mizizi hukaa katika udongo, huenea wakati wa mvua, na husafiri ndani ya miche bila kuonekana. Wakulima waangalifu hufunga matawi yatambaayo kwenye vijiti yasiguse ardhi, na hukata pingili humo. Mimi nilikata matawi yaliyolala chini, kwa kuwa kuinama mara moja kulikuwa rahisi kuliko kuyafunga miezi yote. Haya niliyajua yule mama alipoketi. Na bado, msomaji, neno lililofika kwanza kwenye ulimi wangu lilikuwa "ndiyo". Ndiyo mama, ni udongo wako. Neno lilikuwa tayari, limevaa na kufunga vifungo. Ndipo nilipoitambua ile barua ya mwaka 1991.

Nilimwambia kweli. Nikamwambia pia jambo lililokuwa baya zaidi, kwamba ugonjwa sasa umo katika shamba lake na asipande tena pilipili pale. Alinyamaza kitambo, akasema, "Basi tuing'oe." Kesho yake tuliing'oa pamoja, tukaichoma moto, tukapanda migomba. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Hebu sasa tulipime swali kwa haki, maana sipendi kujilaumu kwa raha tu, kama afanyavyo mtu anayejikuna.

Mtu aweza kusema: mwanadamu si pingili. Pingili haina hiari, haiwezi kuukataa ugonjwa wa mama yake. Kijana yule alikuwa na akili, alifundishwa kanuni, na mbele ya mtoto alikuwa na nafasi ya kuchagua. Wenzake tisa waliona kofi lilelile, na sikusikia kwamba waliumiza watoto. Hoja hii ina nguvu. Lakini inasahau kwamba mwanachuo wa miaka ishirini, mbele ya mkuu mwenye daftari la alama mkononi, hana hiari kubwa kama tunavyomhesabia baadaye. Nilimfundisha kanuni kwa saa moja, na nikamfundisha mwenendo wangu kwa miaka miwili. Tena nilimpa tawi la pembeni: kofi huzaa ukimya papo hapo, lakini haliupandishi mti. Katika mambo yote niliyokuwa nayo, mema na mabaya, nilimwonyesha lile lenye matokeo ya haraka nikaliita ualimu.

Mwingine aweza kusema kinyume: basi kosa lote ni la mwalimu. Nilikuwa nimeanza kuelekea huko, mpaka mwaka jana nilipoitafuta namba ya simu ya yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu na duka lake la vifaa vya ujenzi. Nilimweleza kwa nini nimepiga. Nilimwomba radhi kwa lile kofi na kwa barua. Alikaa kimya hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mkuu, kwa ile barua nimekusamehe, ijapokuwa imenichukua muda. Lakini kofi usilichukue. Mkono ulikuwa wangu. Yule mtoto nimemtafuta mwenyewe, nikamwomba radhi mwenyewe."

Maneno hayo yalinishtua, kisha yakanifundisha. Nilikuwa nimekwenda kumwondolea mzigo, kumbe nilikuwa namwondolea utu. Kumwambia mtu kwamba alikuwa pingili yangu tu ni kumnyima kuwa mtu, na ni fahari ileile ya zamani iliyogeuza kanzu. Alikataa kuwa mimi.

Kwa hiyo naona hivi. Tulizoea kuligawa kosa kama mkate: ukichukua kipande kikubwa, mwenzako hubaki na kidogo. Ndiyo sababu kila mtu husogeza sahani kwa jirani. Lakini kosa si mkate. Yeye anabeba lote la mkono wake, nami nabeba lote la mfano wangu, na kubeba kwake hakupunguzi kubeba kwangu hata chembe. Na barua ile siwezi kugawana na mtu, ni yangu peke yangu. Mtoto aliyeumia hakuhitaji tubishane nani zaidi. Alihitaji watu wawili waje, na kwa miaka mingi alijiwa na mmoja.

Kanuni nazo zimebadilika kidogo. Zile za mwaka 2002 ziliweka ukomo wa viboko vinne na kutaka kila adhabu iandikwe katika kitabu. Sibishani nazo hapa. Ninachojua ni kwamba mwanafunzi hanakili kanuni, hunakili mtu.

Kitalu changu bado kipo. Siku hizi matawi nayafunga kwenye vijiti, na magoti yanalalamika. Miche haitoki kwangu mpaka masika moja yapite nikiitazama, na kila anayekuja kuchukua namwonyesha kwanza shina ilikotoka pingili yake, pamoja na pale mahali patupu ulipokauka ule mmoja. Wengine huondoka bila mche. Jirani yangu mjane alikuja mwezi uliopita, akatazama kwa muda mrefu, akachukua miwili. Ataipanda upande wa pili wa nyumba, mbali na migomba. Nimemwahidi kwenda kuitazama kila Jumamosi, na mpaka leo sijakosa.