Shaka Imwelemee Nani?

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka Serikali iwape hifadhi ya jamii watu wasioweza kujikimu. Hifadhi hiyo imewekwa miongoni mwa haki, si hisani. Hata hivyo, anayeidai hutakiwa kwanza kuthibitisha kwamba kweli hajiwezi, na hapo ndipo swali la kimaadili linapozuka: pakiwa na shaka, imwelemee anayeomba au anayetoa?

Kwa mkazi wa Njukini, kaskazini mwa mji wa Taveta karibu na mpaka wa Tanzania, uthibitisho huo hupitia mikono miwili. Wa kwanza ni wa daktari. Hospitali iliyoidhinishwa humpima, kisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya 2003, humsajili na kumpa kadi. Hospitali ya karibu iko Taveta mjini; ya rufaa ya kaunti iko Voi, safari ya zaidi ya kilomita 100. Mkono wa pili ni wa Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwapa wahitaji fedha, ambao tangu 2011 una ruzuku ya wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Huku kadi peke yake haitoshi. Kaya iwe maskini, na mwenyewe awe wa kuangaliwa na mlezi usiku na mchana.

Kipimo chenyewe hakijatulia. Sensa ya 2009 ilikuta wenye ulemavu ni asilimia 3.5 ya Wakenya. Ya 2019 ikakuta asilimia 2.2. Hakuna aliyeponywa hapo katikati. Safari ya pili walihesabiwa wa miaka 5 kwenda juu tu, tena wale waliosema wanapata shida kubwa au hawawezi kabisa. Mpaka huwekwa na anayeuliza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unaeleza kwamba ulemavu hutokea hitilafu ya mwili au akili inapokutana na vikwazo vya mahali na vya watu. Mwenye mguu uliopooza aweza kupiga hatua kumi kwenye sakafu ya hospitali asiyumbe. Kwenye ukingo wenye tope wa mfereji unaomwagilia migomba, hapiti. Fomu hujazwa kwa habari za sakafuni. Mwenye kifafa naye akiitwa siku aliyoamka salama, huonekana mzima kuliko mpimaji wake.

Dini zimelijua tatizo hili zamani. Imepokewa na Abu Daud kwamba katika Hija ya Kuaga, watu wawili wenye nguvu zao walimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba sadaka. Akawatazama juu hadi chini, akawaambia kwamba wakitaka atawapa, ila tajiri na mwenye nguvu za kuchuma hawana fungu humo. Ukaguzi ulikuwepo, lakini uliishia kwenye dhamiri za waombaji. Hadithi ya Qabisa, katika mkusanyo wa Muslim, ni kali zaidi: aliyepatwa na ufukara aombe baada ya watatu wenye busara katika watu wake kumshuhudia. Mashahidi hao wanamjua nyumbani kwake. (Ujirani nao una fitina zake, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la chifu wakati majina ya waombaji wa ruzuku yanachujwa analijua hilo.) Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, kipofu wa kuzaliwa aliyeponywa anashukiwa kwamba hakuwahi kuwa kipofu. Wazazi wake wanaitwa, yeye anahojiwa mara mbili, mwisho anafukuzwa. Wanaomhoji wanaogopa kudanganywa kuliko wanavyoogopa kudhulumu.

Kila tathmini huchagua kati ya hofu hizo mbili. Ikilegezwa, atapenya asiyestahili. Ikikazwa, ataachwa nje anayestahili. Makosa haya hayana uzito sawa: la kwanza hugawana hasara yake walipa kodi wote, la pili humwangukia mtu mmoja na mlezi wake. Mwanafalsafa Jonathan Wolff aliongeza hoja nyingine mwaka 1998: hata anayekubaliwa huwa amelazimika kuianika aibu yake. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hueleza mbele ya wageni nani humbadilisha nguo na mara ngapi, na kadiri anavyojisifu kwamba mtoto siku hizi anakaa mwenyewe, ndivyo anavyojipunguzia nafasi.

Kuna udhalimu mwingine usiosemwa sana. Nafasi za ruzuku hufuata bajeti, si idadi ya wahitaji. Anayeambiwa hajafikia kiwango huenda ameachwa kwa sababu fedha zimekwisha. Kauli ya kwanza inauhukumu mwili wake, ya pili inakiri upungufu wa Serikali, na kuibadili ya pili kuwa ya kwanza ni kumsingizia mtu.

Ndiyo maana rufaa ni sehemu ya haki yenyewe. Nchini Uingereza, ambako malipo ya PIP kwa wenye ulemavu yalianza 2013, zaidi ya nusu ya rufaa zinazosikilizwa na mabaraza ya rufaa huamuliwa kwa faida ya mwombaji. Wapimaji wenye fomu ndefu nao hukosea. Kenya, malalamiko hupelekwa kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, na yakikwama, kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ibara ya 47 inampa aliyeathiriwa na uamuzi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Bila karatasi hiyo, mtu wa Njukini hajui apinge kipimo cha daktari, orodha ya kijiji au mgao wa fedha, na nauli ya kwenda Voi inaweza kuishia kwenye ofisi ambayo haikumkataa.